Teita, Taita, Kadiaro: Maktaba Zetu Zitaanza Kuzungumza Lini?

Leo naweka kando mambo ya simu na lugha za programu, nataka tuzungumze juu ya maktaba. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo! Subirini kidogo. Sizungumzii zile rafu za vitabu vya hadithi tulizopitia shuleni. Nazungumzia maktaba za utafiti, zile za vyuo vikuu na taasisi, ambako mtu akitaka kujua kwa nini chemchemi fulani inakauka au mawe gani yako chini ya mlima fulani, ndiko anakoanzia. Maktaba hizi zinabadilika haraka mno, na sisi wa Voi na Taita Taveta kwa jumla tuna sababu ya kuyafuatilia mabadiliko hayo kwa macho mawili.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukasema nimekuzungusha. Teknolojia ya kuunganisha maktaba ipo, nyingi ni ya bure, na imeshakomaa. Kinachokosekana ni makubaliano. Tusipokubaliana sisi wenyewe, mtoto wa Taita ataendelea kusoma habari za kwao kwa hisani ya watu wa mbali.

Nasema mbali kwa maana kamili. Hebu tuhesabu. Johannes Rebmann, mmishonari Mjerumani, alifika Kasighau mwaka 1847. Kumbukumbu za CMS, shirika lililomtuma yeye na baadaye J. A. Wray aliyeingia Sagalla mwaka 1883, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Ripoti za maofisa wa serikali ya kikoloni ziko Nairobi kwenye Nyaraka za Taifa, lakini nakala za mikrofilamu zilichukuliwa miaka ya 1960 na Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Mwaka 2011, wakati wa kesi ya Mau Mau mjini London, dunia ilikuja kujua kwamba kuna majalada mengine ya makoloni, ya Kenya yakiwemo, yaliyokuwa yamefichwa Hanslope Park miaka yote hiyo. Hata wale simba wawili wala watu wa Tsavo waliopigwa risasi mwaka 1898 wako Chicago tangu mwaka 1925! Simba wenyewe walisafiri, sembuse karatasi?

Na si mambo ya kale peke yake. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti pale Wundanyi. Kwa miaka mingi wanafunzi na wataalamu wao wamepima misitu, mvua, udongo na matumizi ya ardhi katika vilima vyetu. Tasnifu nyingi zilizotokana na kazi hiyo unaweza kuzisoma bila kulipa hata senti, katika hazina ya kidijitali ya chuo hicho inayoitwa Helda. Yaani Mfini aliyeketi kwenye theluji na Mtaita aliyeketi Mgange wanafungua faili lile lile kwa wakati ule ule. Hilo ni jambo jema, na nawapongeza. Swali linaloniuma ni kwamba, mwanafunzi wa Mgange anajua kwamba faili hilo lipo?

Rafiki yangu mmoja ni mwalimu wa sekondari huku juu milimani, naye alikuwa anaandika tasnifu ya uzamili juu ya vyanzo vya maji. Akaikuta makala inayozungumzia bonde ambalo yeye mwenyewe alichunga mbuzi utotoni. Ukurasa ukamwambia alipe dola 30 na zaidi, tena kwa kadi ya benki. Akanipigia simu kwa hasira. Nikamwambia tulia kwanza. Nikachukua jina la mwandishi, nikatafuta katika hazina ya chuo chake, na ndani ya dakika tano tukalipata toleo la makala ile ile, bure, limewekwa pale na mwandishi mwenyewe kwa ruhusa ya jarida. Makala haikuwa imefichwa, ila hakuna aliyekuwa amemwonyesha rafiki yangu mlango wa pili. Kumwonyesha mtu mlango wa pili ndiyo kazi ya maktaba ya siku hizi.

Tuangalie sasa kilichobadilika, maana kuna watu wanadhani mabadiliko ni kununua kompyuta na kupaka rangi ukuta. Yako matatu makubwa.

La kwanza ni waya. Mwaka 2009 nyaya za faiba za TEAMS na SEACOM zilitia nanga Mombasa. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, bei ilikuwa ya kuvunja mgongo na mwendo ulikuwa wa kinyonga. Vyuo vikuu vilikuwa vimeshaunda mtandao wao wa pamoja, KENET, tangu mwaka 1999, kwa hiyo faiba ilipofika walikuwa na mahali pa kuipokelea. Safari ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi hupitia kwetu Voi, na Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati yake rasmi mwaka 2016, hakikuhitaji kuanza na enzi ya setilaiti.

La pili ni kununua pamoja. Majarida ya kitaaluma ni ghali kupita kiasi, na chuo kimoja kidogo kikienda peke yake kwa mchapishaji wa Ulaya kitachekwa. Ndiyo maana mwaka 2003 maktaba za Kenya ziliunda muungano unaoitwa KLISC. Wanachama wanachanga, wanakwenda mezani kama mnunuzi mmoja, wanapata majarida kwa bei nafuu zaidi. Ni chama, kama vile chama cha akina mama wa sokoni, tofauti ni kwamba hapa kinachonunuliwa ni sayansi badala ya sufuria. Kuna pia mpango wa Research4Life, ulioanza na majarida ya afya mwaka 2002 kupitia Shirika la Afya Duniani, kisha kilimo, mazingira na mengine, ambao unazipa taasisi za nchi kama zetu majarida bure au kwa ada ndogo. Na wale wanaotafuta kazi za Waafrika wenyewe wana AJOL, tovuti inayokusanya majarida ya Afrika tangu mwaka 1998.

Faida ya mpango huu ilionekana wazi Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona. Wanafunzi walirudi makwao, wengine Taveta, wengine Werugha. Palipokuwa na njia ya kuingia kwenye majarida kwa neno la siri ukiwa nyumbani, masomo yaliendelea. Palipokuwa na kufuli la mlango tu, yalisimama. Hakuna semina ingeweza kufundisha somo hilo vizuri zaidi.

La tatu ndilo langu mimi mwandishi wa programu: programu huria. Mwaka 1999 maktaba ndogo ya mkoani huko New Zealand, Horowhenua, ilikuwa na mfumo wa zamani uliokuwa unakaribia kufa, na pesa za kununua mwingine hazikutosha. Wakaajiri kampuni ndogo iwatengenezee mfumo mpya, ukaanza kazi Januari 2000, kisha wakaugawa bure kwa dunia nzima. Wakauita Koha, neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Leo maktaba nyingi za vyuo vya Kenya zinatumia Koha kuendesha katalogi zao. Miaka miwili baadaye, mwaka 2002, MIT na Hewlett-Packard wakatoa DSpace, programu ya kuhifadhi tasnifu na makala, nayo ni ya bure. Tazama jambo hilo: mji mdogo wa mashambani ulitatua shida yake, na zawadi ikafika mpaka kwetu. Mtu asituambie kwamba Voi ni padogo mno kuchangia.

Sasa tufungue boneti tuone injini, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Hazina hizi zina lugha yao ya kuzungumza inayoitwa OAI-PMH. Jina linatisha lakini kazi yake ni nyepesi. Kompyuta moja inauliza nyingine: “Una nini kipya tangu Jumatatu?” Ile nyingine inajibu kwa orodha: kichwa, mwandishi, mwaka, mada, kiungo. Kwisha. Tunaita kuvuna. Faili zenyewe zinabaki kwa mwenyewe, kinachosafiri ni maelezo tu. Kwa hiyo unaweza kuwa na ukurasa mmoja wa kutafutia uliovuna kutoka hazina mia, kila hazina ikiendelea kumiliki mali yake.

Nilitaka kujiridhisha, nikaandika kiprogramu kwa Python, mistari isiyofika mia mbili, kikavune kutoka hazina kadhaa zilizo wazi, za hapa nchini na za ng'ambo, chochote kinachotaja Taita. Kilifanya kazi juu ya kompyuta ya mkononi nzee ambayo betri yake haidumu saa moja. Gharama ilikuwa bando za intaneti na chai. Lakini kilinifundisha mambo mawili ambayo hayamo katika vitabu vya chuo.

Fundisho la kwanza ni majina. Ukitafuta “Taita” unapata vya juzi na jana. Waingereza waliandika “Teita”, kwa hiyo rundo zima la kikoloni linakupita pembeni. Watu wenyewe wanajiita Wadawida, na wageni waliliandika jina hilo kwa v, kwa b, kila mmoja kwa masikio yake. Kasighau tunaiandika kwa gh, ramani nyingi zinaandika Kasigau, na Rebmann aliuita mlima huo Kadiaro! Sagalla iko kwa l moja na kwa mbili, na wasafiri wa zamani waliuita mlima huo Ndara. Mashine haina habari kwamba Kadiaro na Kasighau ni mlima mmoja. Itakujibu bila haya kwamba hakuna kitu.

Wakutubi wana dawa ya ugonjwa huu tangu zamani, kabla hata ya kompyuta. Ni orodha ya majina sanifu: jina moja linachaguliwa kuwa kichwa, na mengine yote yanafungwa kwake, ukiandika lolote unafikishwa pale pale. Koha inaweza kufanya hivyo tangu unapoisakinisha. Lakini nani ataijaza? Mimi najua kuandika programu, sijui majina yote ya vilima. Mkutubi anajua kanuni za katalogi. Mzee wa Mbololo anajua majina lakini hana haja ya kujua kanuni. Tukiketi watatu meza moja kwa wiki chache, tunaweza kutoa orodha itakayotumika Nairobi, Helsinki na Birmingham. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nikisikia neno ushirikiano, picha ninayoiona ni hiyo meza yenye watu watatu, wala si picha ya wakubwa wakipeana mikono mbele ya kamera.

Fundisho la pili ni uhai wa seva. Hazina ya taasisi moja (siitaji) haikunijibu kabisa, siku tatu mfululizo. Nikapiga simu, akapokea mama mmoja mkutubi mwenye sauti ya upole.

“Shikamoo mama. Naona hazina yenu haifunguki, seva imezimwa?”

“Marahaba mwanangu. Yule kijana aliyeiweka alipata kazi Nairobi. Imezima tangu umeme ulipokatika, na neno la siri alikwenda nalo.”

“Na tasnifu za wanafunzi?”

“Ziko kwenye sidii, kabatini. Ukija nitakuonyesha.”

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Miaka mingi ya kazi za wanafunzi wetu iko kwenye sidii, na sidii huharibika kimya kimya. Kompyuta nyingi za sasa hata hazina pa kuiingiza. Huyo mama hana kosa. Aliachiwa mtambo bila mtu, na bajeti ya kununua mashine haikuwa na kifungu cha kuitunza. Wakati huo huo taasisi hiyo inalipia ada ya majarida ya nje kila mwaka. Tunanunua ya wenzetu kwa bidii, ya kwetu tunayatia kabatini.

Mtu anaweza kuuliza, kwani nani anadhurika? Nitakujibu. Wachimbaji wadogo wa vito kule Kasighau na Kuranze wanachimba kwa kubahatisha. Eneo hilo ndilo la tsavorite, jiwe la kijani lililopewa jina lake mwaka 1974 kwa heshima ya Tsavo. Ripoti za kijiolojia za serikali kuhusu upande huo zilichapishwa tangu miaka ya 1960: ya Walsh mwaka 1960 juu ya eneo la kusini mwa vilima vya Taita, na ya Saggerson mwaka 1962 juu ya Kasigau na Kurase. Mwenye kampuni kubwa ana mtaalamu wa kuzitafuta. Mwenye sururu hana. Chuo chetu cha Voi kinafundisha uhandisi wa madini, na kina wanafunzi wanaopima miamba hiyo hiyo leo. Kazi zao zikipatikana kwa urahisi, pengo kati ya mwenye kampuni na mwenye sururu litapungua. Zikifungiwa, litapanuka.

Na kuna jipya zaidi. Wanafunzi siku hizi wanaiuliza mashine ya akili bandia kabla ya kumwuliza mkutubi. Mashine hizo zimelishwa kilichoko mtandaoni. Kama kuhusu Sagalla kilichoko mtandaoni ni shajara ya mmishonari na tangazo la hoteli ya watalii, basi hicho ndicho mtoto wa Sagalla atakachoambiwa juu ya babu zake, tena kwa lugha fasaha na kwa kujiamini. Huwezi kuilaumu mashine kwa kutojua kitu ulichokifungia kabatini.

Nimesikia hoja mbili za upinzani, na zote nazipa heshima yake. Ya kwanza ni kwamba tukiweka tasnifu wazi, watu watanakili. Ndugu zangu, wizi wa tasnifu unafanyika zaidi palipo na giza. Kazi iliyo wazi, yenye tarehe na jina la mwandishi, ni rahisi kuilinganisha na ya mwizi. Iliyo kabatini, nani atajua imeibwa?

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na hapa nakubaliana nayo: si kila kitu kiwekwe wazi. Taita tuna fighi, misitu mitakatifu, na tuna mapango yaliyohifadhi mafuvu ya wazee wetu. Jirani zetu Wamijikenda wanajua uchungu wa vigango kuibwa na kuuzwa hadi makumbusho za Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kenya, na vingi vilibaki huko. Ramani yenye vipimo kamili vya pango ni mwaliko kwa mwizi, sawa na ramani ya faru ndani ya Tsavo. Lakini DSpace inaruhusu maelezo ya kazi yaonekane na faili libaki limefungwa, au lifunguliwe baada ya miaka kadhaa, au kurasa fulani ziondolewe. Uamuzi wa nini kifungwe ni wa wenye mapango, na unataka kikao. Usiwe kisingizio cha kufunga kila kitu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote ya bei nafuu:

1. Kila tasnifu inayohusu Taita Taveta, popote ilipoandikwa Kenya, iwekwe katika hazina iliyo wazi kuvunwa. Kuwasha OAI-PMH ni kazi ya mchana mmoja.

2. Pasiwe na seva yenye mtu mmoja. Maktaba mbili au tatu zibadilishane nakala, na maneno ya siri yatunzwe na ofisi badala ya kijana anayetafuta kazi nzuri zaidi. Akiba haiozi, lakini iwe katika ghala zaidi ya moja.

3. Orodha ya majina ya Taita Taveta iandaliwe na wakutubi, wazee na sisi watu wa kompyuta, kisha itolewe bure kama Koha ilivyotolewa. Maktaba ya umma ya Voi inaweza kuwa mahali pa kukutania, maana mlango wake uko wazi kwa mzee na kwa mwanafunzi.

Na watafiti wanaokuja kutoka nje wawe na sharti moja la adabu: ukichukua data Wundanyi, nakala ya ulichoandika irudi kaunti hii, pamoja na muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja. Mgeni aliyekula kwako hashindwi kukuaga.

Mimi kiprogramu changu nakisafisha, nitakitoa kwa leseni huria ili yeyote akichukue. Sehemu yake ngumu bado ni tupu: ni jedwali lenye safu mbili, jina sanifu upande mmoja na majina mengine upande wa pili. Mstari wa kwanza nimeshaujaza: Kasighau, Kasigau, Kadiaro. Iliyobaki haiwezi kuandikwa na mtu mmoja.

Haya, kazi kwetu. Siku njema.